Thomas Marfleet Hajafa

Bwana Stamper alivua miwani, akaipumulia, akaifuta kwa ncha ya tai yake. Tai yenyewe ilikuwa na doa la yai, kwa hiyo miwani ikazidi kuchafuka. Akaivaa hivyo hivyo, akamtazama Enid.

"Huyu Thomas wako hajafa, Bi Enid."

"Hajafa vipi? Amezaliwa mwaka elfu moja mia saba na mbili."

"Ubatizo wake ninao hapa. Ndoa yake ninayo. Maziko yake sina. Kwa makaratasi haya ana miaka mia mbili themanini na minne na bado anadunda. Ingekuwa haki chumba tumpe yeye, maana kwa uzee amekushinda."

Enid hakucheka. Mtu aliyevaa koti la marehemu mama yake, na mkobani amebeba ukoo mzima uliokunjwa mara kumi na sita, hacheki ovyo.

Bwana Stamper alikuwa katibu wa Nyumba za Marfleet. Nyumba hizo ni vyumba kumi na viwili vya matofali mekundu nyuma ya kanisa la Mtakatifu Thomas, kwetu Hull, mashariki ya Uingereza, na alizijenga Josiah Marfleet kabla hajafa. Josiah aliuza lami na kitani kutoka nchi za theluji, akatajirika mpaka akaanza kuuogopa moto, ndipo akawakumbuka wazee maskini. Katika wosia wake vyumba kumi ni vya mzee yeyote wa mji asiye mlevi, mmoja mmoja. Viwili vya mwisho, vyenye jiko na dirisha la bustanini, ni vya walio wa damu yake, na mwenye damu anaruhusiwa kuingia na ndugu yake. Damu nayo ina utaratibu. Kila babu kwenye ngazi ya ukoo awe na karatasi tatu: amebatizwa, ameoa, amezikwa. Halafu siku ya Mtakatifu Thomas, tarehe ishirini na moja Desemba, mwombaji anasimama chini ya picha ya Josiah, anaweka mkono juu ya Biblia ya Josiah, anaapa. Jambo hili lina zaidi ya miaka mia mbili na sitini, na hakuna aliyewahi kuuliza kama lina maana. Sisi kwetu jambo likishafanywa mara tatu linaitwa desturi, na mwenye kuliuliza anaonekana hakulelewa.

"Una wiki tano," alisema Bwana Stamper. "Mtafutie kaburi huyo mzee. Ukikosa kabisa, utaapa tu kwamba ulitafuta hukuona. Wadhamini si wanyama, karatasi moja watasamehe."

"Nitalipata," alisema Enid. "Miaka arobaini sijawahi kukosa."

Hapo alidanganya kidogo, maana kaburi la Thomas alikuwa amelikosa mara tatu.

Kumpata Thomas ilikuwa lazima, kwa ajili ya Olive. Mtaa wao, nyuma ya barabara ya Hessle, ulikuwa unabomolewa. Upande wa pili tingatinga lilikuwa limeshafika kwa kina Hobday, na ukutani kwao palibaki karatasi ya maua ya chumba cha kulala ikipigwa na mvua, watu wote wanaiona. Baraza la mji lilikuwa limewaandikia akina Marfleet barua mbili, kila mmoja ya kwake, na hilo peke yake lilimtia Enid baridi. Olive, kwa kuwa akili yake imelegea, atapelekwa nyumba ya kutunzia wazee kule Withernsea, pwani. Enid, kwa kuwa akili yake ni nzima, atapewa chumba Goole. Kati ya Goole na Withernsea kuna mabasi mawili na nusu siku, na Jumapili mabasi yenyewe yanatembea kama yamelazimishwa.

Olive alikuwa mdogo wake kwa miaka miwili. Miaka thelathini na minne alipasua samaki bandarini, chewa wakubwa wa kutoka Aislandi, mpaka kisu chake kikaliwa na jiwe la kunolea na kubaki chembamba kama kidole. Enid alifanya kazi ya asubuhi tu, ya kupiga mihuri kwenye vitabu vya maktaba, ili mchana awe na nafasi ya wafu. Kwa maneno mengine, Olive alinuka samaki ili Enid anuke karatasi. Hakuna aliyelisema hilo mle ndani. Olive angeweza kulisema, lakini Olive alikuwa mtu wa kucheka, na sasa alikuwa mtu wa kusahau.

"Umechelewa," alisema Olive, Enid alipoingia siku ile. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, amevaa buti za mpira na gauni la kulalia. "Gari la samaki limepita."

"Limepita miaka tisa iliyopita. Vua buti."

"Wamesema nini wale wakubwa?"

"Wamesema Thomas hajafa."

Olive alifikiri. "Basi na aje achukue buti zake, mimi zinanibana."

Enid alimvua moja, akamvua ya pili, akamkausha miguu. Kila siku alimsimulia Olive yote, kwa sababu kumwambia Olive ilikuwa sawa na kuyamwaga maji kwenye mchanga. Alimsimulia Josiah aliyejenga nyumba, na Thomas mwanawe, ambaye aligombana na baba yake akaenda kuoa binti wa msokota kamba, akafa maskini. Ndiyo maana akina Marfleet wa leo wanakaa nyuma ya barabara ya Hessle na choo chao kiko uani. Ugomvi huo Enid aliutunga mwenyewe. Hakuna karatasi iliyoutaja. Lakini mtoto wa tajiri akionekana kwenye daftari la ndoa anasokota kamba, lazima pawe na ugomvi, la sivyo mambo hayaelezeki.

Keshoyake alipanda basi kwenda Beverley, kwenye ofisi ya kumbukumbu. Alirudi huko siku tatu kila wiki, muda wa wiki nne. Alimwacha Olive kwa jirani, na jirani akazidi kukunja uso.

Pale Beverley mtunza nyaraka alikuwa Bi Pask, mwanamke mnene wa maneno machache, mwenye mazoea ya kumwita kila mtu mpenzi, hata wale anaotamani wasirudi.

"Leo tena maziko, mpenzi?"

"Maziko."

"Umeshamaliza makanisa yote ya mjini. Umemaliza na ya ng'ambo ya mto. Umeanzia mwaka gani?"

"Elfu moja mia saba ishirini na sita. Mwaka aliooa."

"Na kabla ya hapo?"

Enid alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyepiga chafya kanisani. "Mtu hafi kabla hajaoa, Bi Pask."

"Humu ndani wapo wengi sana waliofanya hivyo," alisema Bi Pask, akaenda kuchemsha chai.

Enid alikaa mbele ya mashine ya kusomea filamu za madaftari ya kanisa, mikono mapajani. Ubatizo wa Thomas aliupata mwaka hamsini na tano, mwezi wa Oktoba: *Machi 21, Thomas, mwana wa Bw. Josiah Marfleet, mfanyabiashara.* Siku ile alilifunga daftari, akaenda kununua keki ya malai. Hakuendelea ukurasa unaofuata. Anaendelea wapi, na ameshampata anayemtaka? Kosa hilo ni letu sisi tunaotafuta mababu. Tukishampata mtoto siku ya ubatizo wake tunamrukisha moja kwa moja mpaka kanisani anakooa, kama vile surua na kifaduro vilikuwa havijaanza.

Aliweka filamu ya mwaka elfu moja mia saba na mbili. Aliizungusha polepole. Machi. Aprili. Mwandishi wa siku zile alikuwa na mwandiko mzuri, na hilo nalo lilikuwa ukatili, maana hakukuwa na namna ya kusema labda nimesoma vibaya.

*Aprili 9. Kazikwa Thomas, mwana wa Bw. Josiah Marfleet, mfanyabiashara. Siku kumi na tisa.*

Aliusoma mstari ule kwa sauti ya chini. Akausoma tena. Kisha, kwa kuwa mkono ulishazoea kuzungusha, ukazungusha. Akarudi kwenye ubatizo, safari hii akapita Machi.

*Juni 14. Kabatizwa Thomas, mtoto wa kuokotwa, mlangoni kwa Bw. Marfleet. Wazazi hawajulikani.*

Zamani zile Hull mtoto wa kuokotwa aliitwa kwa jina la pale alipookotwa. Wa sokoni alichukua jina la soko, wa gatini alichukua jina la gati, na jina la kwanza lilikuwa la mtakatifu wa kanisa, ili mchungaji asisumbuke kufikiri. Enid alilijua hilo vizuri. Mara ngapi amewaeleza watu wengine pale pale, kwa sauti ya huruma, kwamba babu yao wanayemtafuta hakuwa na baba?

Bi Pask alimletea kitabu cha mikutano ya wazee wa kanisa bila kuombwa. Mwezi huo huo wa Juni: Bw. Marfleet anaomba mtoto asipewe jina lake, kwa kuwa nyumba yake ina msiba. Wazee wamekataa, desturi ni desturi. Mtoto awekwe kwa mjane Nan Sugg. Miaka minane mbele, mstari mmoja zaidi: Thomas Marfleet, wa kuokotwa, apelekwe kwa msokota kamba kujifunza kazi.

Basi ugomvi haukuwepo, wala baba wa kugombana naye.

"Umempata?" aliuliza Bi Pask.

"Nimempata. Amekufa."

"Pole, mpenzi," alisema Bi Pask, na kwa mara ya kwanza ilionekana ana maana.

Enid alimpitia Olive kwa jirani, wakarudi nyumbani, akavua koti, akaenda jikoni, akafungulia maji kwenye beseni ili Olive asisikie. Olive akasikia. Alikuja akasimama nyuma yake, amebeba kikombe kitupu.

"Nani amekufa?"

"Thomas. Mtoto. Alikuwa na siku kumi na tisa."

"Mama yake yuko wapi?"

"Sijui, Olive. Amekufa pia. Wote wamekufa."

"Siku kumi na tisa," alisema Olive. Aliweka kikombe chini taratibu. "Hata shingo haijakaza."

Ajabu ya akili iliyolegea ni kwamba huwezi kujua itashika nini. Jina la baba yao lilikuwa limempotea. Alisahau kwamba vita vimekwisha, akawa kila jioni anafunga mapazia ndege zisione taa. Lakini mtoto yule alimshika. Kesho asubuhi, na uji wa shayiri mdomoni: "Amezikwa wapi yule mdogo?" Keshokutwa: "Walimvisha kitu cha joto?" Enid alimwambia anyamaze. Alimwambia kwa upole, kisha bila upole.

Kilichomtafuna Enid hakikuwa Josiah. Josiah alikuwa picha tu, pua ndefu na nywele za bandia. Kilichomtafuna ni keki ya malai. Wiki ile ile aliyoinunua, alikuja mlangoni Cyril Bunn, mpishi wa meli ya uvuvi, mwanamume mwenye masikio makubwa, amevaa suti ya kuazima. Alikuwa amekuja kumposa Olive. Olive alikuwa na miaka thelathini na minane, amesimama nyuma ya mlango wa sebule anashikilia kicheko. Na Enid, aliyekuwa na mzaliwa wa Josiah Marfleet mkobani kwa siku nne tu, akamwambia Cyril pale pale kwenye kizingiti kwamba familia yao si ya kuolewa na wapishi wa melini. Cyril akasema yeye angependa kumsikia Olive mwenyewe. Enid akamjibu, "Usimsikilize Olive, hajui anachokitaka."

Olive hakutoka nyuma ya mlango. Jumatatu alikwenda kupasua samaki kama kawaida. Cyril alioa Grimsby. Ana wajukuu saba, na inasemekana masikio yamegawanywa sawasawa.

Basi yote yale yalifanyika kwa ajili ya mtoto wa siku kumi na tisa ambaye hakuwa wa kwao.

Lakini mambo yaliyofanyika yamefanyika, Enid alijiambia, na kiapo ni maneno. *Nilitafuta, sikuona.* Bi Pask hatasema, si desturi yake. Josiah hatasema. Ataapa uongo juu ya Biblia ya mtu ambaye hata hamhusu, na Olive atapata dirisha la bustanini na mtu wa kumvua buti. Aliona hiyo ndiyo biashara ya kwanza ya haki aliyowahi kufanya na mdogo wake.

Siku ya Mtakatifu Thomas ilikuwa na mvua ya barafu. Jirani alikataa kukaa na Olive, akasema ana mkate tanurini, na harufu ya mkate haikuwepo. Kwa hiyo Enid akamvisha Olive kofia ya kanisani, akamfunga vifungo hadi kidevuni, wakaenda wote wawili.

"Ukikaa kimya nitakununulia kababu la viazi na chipsi," alimwambia njiani.

"Na siki?"

"Na siki."

"Nitakaa kama kaburi," alisema Olive, na kwa kweli alikaa, robo tatu ya mkutano.

Wadhamini walikuwa saba kuzunguka meza ndefu, wana chai na vipai vya zabibu kavu. Mwenyekiti alikuwa Kasisi Ollerton, mzee mpole mwenye kusikia kwa sikio moja, akiligeuza kwa anayezungumza kama tarumbeta. Kwenye ukuta wa nyuma Josiah alikuwa ametulia ndani ya fremu yake ya dhahabu, mkono mmoja juu ya dunia ya mviringo, anaonekana kama mtu anayengojea wageni waondoke.

Enid alikunjua ukoo. Karatasi ilienea meza nzima, wakalazimika kuinua vikombe. Bwana Stamper akasoma majina kutoka chini kwenda juu, kila jina na karatasi zake tatu, na wadhamini wakawa wanaitikia kwa vichwa. Kazi ya Enid ilikuwa nzuri, hilo hakuna wa kulikataa. Vizazi vinane vimepangwa kwa wino mweusi, ndoa kwa wino mwekundu. Hata watoto waliokufa wachanga aliwapa kila mmoja kisanduku chake. Wote isipokuwa mmoja.

"Tumefika kwa Thomas," alisema Bwana Stamper. "Amebatizwa, ameoa."

"Na karatasi ya tatu?" aliuliza Kasisi.

"Bado, Kasisi. Huyu hajafa."

Wakacheka, kicheko cha watu walioshiba vipai. Kasisi Ollerton akaisogeza Biblia kuelekea kwa Enid. Ilikuwa na kifungo cha shaba, na kwenye ngozi palikuwa na alama ya mviringo ya mikono ya wote waliowahi kuapa. Enid akauweka wa kwake palepale.

"Amekufa," alisema Olive.

Alisema kama mtu anayemsahihisha dereva wa basi. Hakupandisha sauti.

"Alikuwa na siku kumi na tisa. Enid alilia kwenye beseni. Huyu mwingine ni wa mlangoni, mama yake alimwacha. Mimi nilisema angalau wamvishe."

Mvua ilikuwa inagonga madirisha. Kasisi Ollerton alimgeuzia Olive sikio lake zima, kisha akamgeuzia Enid.

"Bi Marfleet. Mdogo wako anasema nini?"

Walikuwa wanangoja, wote saba, na usoni mwao mlikuwa na upole, upole wa kusubiri kumsamehe Olive. Mmoja alikuwa ameshaanza kumtabasamia mgonjwa. Lililohitajika ni maneno machache tu, na Enid alikuwa nayo mdomoni, yamelainika kwa kutumiwa. Aliyatumia dukani, aliyatumia kwa daktari, aliyatumia kwenye kizingiti mwaka hamsini na tano. *Msimsikilize Olive.*

Alimtazama mdogo wake. Olive alikuwa ameshainamisha kichwa. Alikuwa anaisubiri ile sentensi. Mtu aliyesahau jina la baba yake alikumbuka kwamba akisema jambo mbele ya watu, linalofuata ni hilo.

Enid aliondoa mkono juu ya Biblia.

"Anasema kweli," alisema.

Halafu akawaeleza yote, Aprili na Juni, mjane Sugg na msokota kamba, kwa ufasaha na kwa tarehe. Kasisi Ollerton alimshukuru kwa uaminifu wake. Walipiga kura kwa mikono, bila furaha, wakamkatalia. Mmoja wao akampa Olive kipai.

Kwenye ukumbi wa nje Bwana Stamper aliwafuata, tai imekwenda upande.

"Bi Enid, kwa nini hukusema ni maradhi? Sote tulikuwa tunangoja useme ni maradhi."

"Ningekuwa nimeapa uongo."

"Chumba cha kumi na moja yupo Bi Tranter. Unajua ametoka kwa Marfleet yupi? Mimi sijui. Yeye hajui. Aliyekuwepo kabla yake alileta karatasi za Marfleet wengine kabisa, wa upande mwingine wa jimbo, wachinjaji. Waliapa, wakapewa ufunguo. Nani atakwenda kuangalia?"

Enid alikaa kwenye benchi. Miaka arobaini alikuwa ameogopa kwamba wakaguzi watamkagua.

"Basi rudi ndani," alisema. "Waambie nimejichanganya. Waambie mimi ndiye mgonjwa."

Bwana Stamper alimtazama kwa masikitiko ya kweli. "Nimeshaandika kwenye kitabu cha mkutano," alisema. "Kwa wino."

"Na vile vyumba kumi?"

"Vimejaa. Na hata visingejaa, ni mmoja mmoja."

Wakatoka. Enid alinunua kababu la viazi na chipsi, siki nyingi, wakala wamesimama chini ya paa la duka, Olive kwa hamu, Enid kwa sababu alikuwa ameahidi.

Gari la baraza lilimfuata Olive wiki ya pili ya Januari. Mwanamke aliyekuja nalo alikuwa na orodha ya vitu vinavyoruhusiwa. Picha zinaruhusiwa, na viatu jozi mbili. Alipoufungua mkoba wa Olive, akatoa kile kisu chembamba kilichoviringishwa kwenye kitambaa, akamkabidhi Enid kama anarudisha kitu kilichoibwa.

"Hiki hapana, mpenzi. Wataumizana."

"Ni cha kazi," alisema Olive. "Nitafanya kazi na nini?"

"Huko hakuna kazi. Utapumzika."

Olive alimgeukia Enid, kwa sababu mambo yote ya makaratasi ni ya Enid. Enid akamfunga vifungo hadi kidevuni.

"Yule wa mlangoni," aliuliza Olive akiwa ndani ya gari, "nani alimchukua?"

"Mjane mmoja. Alilipwa na kanisa."

"Alikuwa mwema?"

Enid alizitafuta karatasi zote kichwani. "Haikuandikwa," alisema.

Mlango ukafungwa. Gari likageuka pale palipokuwa kwa kina Hobday, kwa sababu sasa palikuwa na nafasi ya kugeuzia.

Kule Goole chumba kilikuwa na meza moja, na meza haikutosha kukunjua ukoo, kwa hiyo haukukunjuliwa. Jumapili ya kwanza ya Februari Enid alipanda mabasi mawili kwenda Withernsea. Alimkuta Olive kwenye sebule yenye viti vimepangwa ukutani, wazee wote wanatazama televisheni iliyozimwa sauti. Alikuwa amekatwa nywele fupi na mtu asiyemjua. Mikono yake, ile mikono mipana yenye makovu madogo meupe, ilikuwa inapasua kitu kisichokuwepo juu ya mapaja, kwa ustadi, kutoka mkiani kwenda kichwani.

Enid alivuta kiti. Olive akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu wa kanisani.

"Wewe ni wa kwa nani?"

Swali hilo Enid aliliuliza watu maisha yake yote. Aliwauliza wenye maduka, akawauliza wafu, na alimuuliza Cyril Bunn. Jibu lake mwenyewe aliweza kulisema usingizini, jina juu ya jina, mpaka mwaka elfu moja mia sita na arobaini. Alifungua mdomo.

"Wa mlangoni," alisema.

"Lo, maskini," alisema Olive. Akasogeza magoti kumpa nafasi. "Kaa basi. Gari la samaki halijafika."

Enid akakaa. Basi la mwisho la Jumapili linaondoka saa kumi kasorobo. Akiwa na koti la mama yake, mkoba mapajani, alikaa mpaka saa tisa na nusu, na Olive hakumuuliza kitu kingine.